Kichwa hakitulii: majibu ya maswali yenu

Dada, nikifumba macho nifanye meditesheni, yaani nikae kimya nifuatilie pumzi tu, ndo mawazo yanazidi, kodi, ada, bosi. Nakosea wapi?

Hukosei mdogo wangu. Hayo mawazo yalikuwepo siku zote, sema simu na redio zilikuwa zinayafunika. Mwaka 2010 watafiti Killingsworth na Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitoa utafiti, walikuwa wanawashtukiza watu kwenye simu zao na kuwauliza saa hii unawaza nini, ikaonekana karibu asilimia 47 ya muda akili haipo kwenye kile mtu anachofanya. Kwa hiyo akili kutoroka ni kawaida kabisa, na ile sekunde unashtuka kwamba imetoroka ndo zoezi lenyewe, unairudisha kwenye pumzi bila kujigombeza, ikitoroka mara hamsini unairudisha mara hamsini, na hapo umefanya vizuri tu.

Mama anasema hayo ni mambo ya dini za watu, sisi Wakatoliki tusiguse.

Mama hajakosea kuuliza, asili yake kweli ni Wahindu na Wabudha. Ila mwambie ashike rozari yake. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa utafiti wa watu waliosali Salamu Maria kwa Kilatini na baadaye wakarudia maneno ya yoga, na kote pumzi zilishuka hadi kama 6 kwa dakika, moyo nao ukafuata. Asali polepole, asikimbize.

Saa nane usiku macho makavu, nafanyaje?

Vuta pumzi kwa kuhesabu nne, itoe kwa kuhesabu sita au nane. Kutoa kwa muda mrefu ndo kunapunguza mapigo ya moyo. Ukiona kama dakika ishirini zimepita bado, toka kitandani, kaa kwenye kiti taa ikiwa hafifu, rudi usingizi ukija. Simu iache, tafadhali sana.

Nina watoto watatu na genge. Dakika ngapi zinatosha?

Tano, kabla hujafungua genge. Kwenye stuli hiyohiyo unayokalia ukiuza.

Nikikaa kimya narudiwa na kitu nilichofanyiwa utotoni, natetemeka.

Pole sana mpenzi. Wewe usilazimishe kufumba macho. Ikianza, fungua macho, kanyaga chini uisikie sakafu, taja vitu vitano unavyoviona, tembea. Halafu nenda hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, na kama unaogopa kwenda peke yako nenda na mtu unayemwamini, hata akae nje tu akusubiri.