Una nini nyumbani?

Watu wengi tukisema tunamtegemea Mungu, macho yetu yako barabarani. Tunangoja ajira, mfadhili, au ndugu aliyeko Dar es Salaam apige simu. Ninachoamini sasa ni kwamba mara nyingi Mungu huanzia ndani ya nyumba yako, kwenye kitu ulichokizoea hadi hukioni tena.

Soma 2 Wafalme 4. Mwanamke amefiwa na mume mcha Mungu, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Anamlilia nabii Elisha, naye hamwambii avumilie tu. Anamuuliza ana nini nyumbani. Hana kitu, anasema, ila chupa ya mafuta. Ndipo anaagizwa akaazime vyombo vitupu kwa majirani zake wote, wala visiwe vichache.

Nilipofiwa na mume wangu hapa Rungwe, lilibaki deni kwenye duka la pembejeo na watoto wanaosoma. Ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, lakini mzazi anajua Januari bado ina sare, viatu na madaftari. Niliomba sana, na kila nikipiga magoti swali lile la Elisha lilinirudia. Nilikuwa na nini? Uani palikuwa na mti mmoja wa parachichi aina ya Hass, na marehemu alikuwa amenifundisha kubebesha miche, yaani kuunga kikonyo, kitawi cha mti bora, kwenye mche wa kienyeji.

Nikapita kwa majirani. Sikuomba fedha. Niliomba kokwa za maparachichi ya kienyeji walizokuwa wanatupa, na viriba vitupu, ile mifuko ya kuoteshea miche, vilivyobaki msimu uliopita. Nikaotesha. Miche ilipofika unene wa penseli nikakata vikonyo kwenye ule mti wa Hass, nikabebesha, nikafunga kwa nailoni, nikaiweka kivulini. Si yote iliyoshika. Iliyoshika niliiuza mvua zilipoanza, maana huku kwetu parachichi limekuwa zao la biashara, na mche uliobebeshwa huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu, wakati ule wa kokwa tupu unangojewa sana. Deni likaisha kidogo kidogo. Namshukuru Mungu kwa kila kikonyo kilichochipua, kwa sababu mimi nilijua kukata na kufunga tu. Kuchipua hakukuwa kazi yangu.

Kwa hiyo, dada yangu uliye kwenye shida leo, kabla hujaomba jambo jipya, zunguka nyumba yako. Taja mbele za Mungu ulicho nacho: cherehani, kipande cha bustani, ujuzi wa kupika, hata afya ya kuamka alfajiri. Kisha sema shida yako. Hapa ndipo tunapokwama. Mjane yule angepataje vyombo kama angejifungia ndani? Sisi akina mama wa kanisani tunajua kuficha: Jumapili tumependeza na vitenge, nyumbani chumvi imeisha. Mwambie mama mmoja unayemwamini, umwambie wazi kinachohitajika.

Kuhusu afya nitasema kwa ukali kidogo, kwa kuwa nimeona watu wakiumia. Ukiombewa, endelea na dozi. Luka mwenyewe alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa. Daktari na dawa ni sehemu ya riziki yako. Na mtu akikuambia ukope ili utoe sadaka ya kufungua baraka, usikope. Elisha hakumwomba mjane hata tone. Alimwambia auze mafuta, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kilichosalia.

Ndoa, watoto wanaotusumbua, upweke wa usiku: haya hayauzwi sokoni Kiwira, na mengine bado nayaombea. Ninachokifanya ni kuomba ya leo. Mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, ilikuwa ya siku moja. Iliyolazwa hadi asubuhi bila agizo ilioza na kuingia mabuu.

Na wewe ambaye ghala lako lina mahindi hadi Machi, jirani yako huenda anakungoja wewe bila kujua. Mpelekee debe moja wiki hii. Mkikutana kwenye kikundi, usilitaje.