Waache wanaofanya lejaleja (kibarua cha kutwa) waseme kwanza

Katekista kijana wa Kyaka II, makazi ya wakimbizi hapa Uganda, ameniandikia: "Mwalimu, nikishasoma Injili kwenye jumuiya, wote wanainamisha vichwa wanangoja mimi nieleze. Nifanyeje?" Ndugu yangu, nyamaza. Soma, halafu nyamaza mpaka mtu aongee.

Jumuiya yangu iko Kyangwali, makazi mengine ya wakimbizi, na wengi wetu tulivuka Ziwa Albert tukikimbia vita vya Ituri. Siku tuliposoma Mathayo 20, wale vibarua wa shamba la mizabibu, walioajiriwa jioni wakalipwa sawa na wa asubuhi, mama mmoja alikuwa ametoka kupalilia mahindi ya watu, udongo bado umekauka miguuni. Akauliza: "Hao wa saa kumi na moja, nani kasema ni wavivu? Wenyewe wamejibu, hakuna aliyewaajiri." Mwenzake akadakia kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa siku nzima, na watoto wa aliyekosa kazi asubuhi wana njaa ileile. Hapo tukaingia kwenye lejaleja yetu wenyewe: mwenye shamba anapatana nawe asubuhi, jioni anakata hela. Wakakubaliana palepale kwamba hakuna kwenda shamba la mtu peke yako, na bei itajwe mbele ya mashahidi. Wameshika neno lao hadi leo, nami najivunia akina mama wale.

Kiongozi mmoja wa kanisa alisimama mbele ya waumini akasema naleta siasa. Bado inaniuma, maana hakuwahi kuketi nasi hata mara moja. Siasa gani? Maaskofu wa Amerika ya Kilatini walizihimiza jumuiya za namna hii huko Medellín, Kolombia, mwaka 1968. Mwaka 1976 maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, Uganda ikiwamo, nao walizipa kipaumbele. Kule Solentiname, visiwani Nikaragua, padri Ernesto Cardenal aliwaachia wakulima na wavuvi waijadili Injili wenyewe kwenye misa. Mwaka 1977, vijana wake kadhaa walipojiunga na shambulio la kambi ya jeshi, askari wa dikteta Somoza waliibomoa jumuiya ile. Watawala hawaogopi maskini anayesali. Wanamwogopa anayesali na kuuliza.

Kwa hiyo usimhubirie uvumilivu mtu aliyedhulumiwa ujira wake. Msikilize kwanza. Jumapili hii anza na Luka 18, mjane aliyemwendea kadhi dhalimu tena na tena mpaka akapata haki yake. Isome mara mbili, polepole, maana wengine hawakupata shule. Kisha uliza swali moja tu: nani hapa amezungushwa ofisini mpaka akachoka?