Mwanangu yuko kituoni, nitajuaje kama anapona?

SWALI: Mwanangu ana miaka 16. Yuko kituo cha kulala huko Bunju, huu mwezi wa tatu, kwa sababu ya bangi na hasira. Kila nikienda naambiwa "anaendelea vizuri." Niliomba kuona mpango wake wa matibabu, nikaonyeshwa karatasi moja: "Kuboresha tabia. Kuacha bangi." Inatosha? – Mama, Mbagala

JIBU: Pole mama, Mbagala hadi Bunju si safari ya mchezo. Haitoshi. "Kuboresha tabia" hata mimi niliiandika sana nilipoanza kazi, maana haimbani mtu yeyote.

Lengo lazima lihesabike: "Akipandwa na hasira atatoka nje apoe kwanza, ndani ya wiki nne, ugomvi upungue kutoka mara tano kwa wiki hadi mara moja." Hiyo tano ya mwanzo ndiyo husahaulika. Waulize siku ya kwanza alipimwa kwa kitu gani. Lipo dodoso la SDQ, la kupima hisia na tabia za watoto na vijana, la maswali 25, la daktari Mwingereza Robert Goodman. Kijana wa miaka 11 hadi 17 hujaza lake, mzazi lake, na alama za matatizo ni 0 hadi 40, zikiwa nyingi ndivyo matatizo yanavyokuwa mengi. Hurudiwa baadaye. Wewe ukimpa 24 naye akajipa 9, usimwite mwongo. Anzieni hapo kikao kijacho.

Ila mle ndani kuna geti, hakuna simu wala kijiwe. Anaweza kuwa ametulizwa na geti tu. Omba apewe ruhusa ya siku mbili nyumbani wakati bado yuko chini ya uangalizi. Ashuke Rangi Tatu, apite kijiwe kilekile. Jamaa walipomwita alifanyaje? Usiku alilala wapi? Akiteleza, wasikimbilie kumwongezea miezi. Waandike kilichomtelezesha, na mpango ubadilike.

Na wewe uwemo humo. Akirudi, saa kumi jioni nani yuko nyumbani? Nani wa kumpigia mshauri nasaha mambo yakiharibika? Bila majibu hayo, tarehe ya kutoka ni ya kubahatisha.

Kikao kisifanyike bila yeye. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kusikilizwa kwenye maamuzi yanayomhusu. Wakikukatalia, mwone afisa ustawi wa jamii wa manispaa, na hiyo karatasi uende nayo.