Unafanya PhD ya falsafa na unahoji wazee? Amua mapema suala la majina

Jamani kama unafanya PhD ya falsafa au maadili na kazi yako inakupeleka kwa wazee, kuna kitu kimoja ukiamue kabla hujajaza fomu hata moja, utawataja kwa majina au utawaficha?

Nauliza kwa sababu fomu nyingi za kamati za maadili, zile zinazopitisha utafiti kabla hujaanza, zimekaa kihospitali, ni ile mila ya Azimio la Helsinki la 1964 la madaktari, na huko kuficha jina la mgonjwa ni kumlinda, sawa kabisa. Ila sisi hatuendi kutoa watu damu, tunaenda kusikiliza hoja, na hoja ina mwenyewe. Mimi nilikuwa nahoji wazee upande wa Kilifi, pwani ya Kenya, kuhusu misitu ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, nikiwauliza kama watu ambao hawajazaliwa wana haki kwenye msitu, basi mzee mmoja namsomea fomu akanikatiza, mwanangu, hao Wazungu uliowasoma umewaandika majina, mimi mbona niwe Mshiriki namba 7? Swali hilo liligeuza tasnifu yangu yote.

Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alishalijibu zamani. Alianza kuhoji wahenga miaka ya 70 na kwenye kitabu chake cha 1990 wamo kwa majina yao, akina Paul Mbuya Akoko, hata baba yake mwenyewe Mzee Oruka Rang'inya. Na hakuwa anarekodi tu, alikuwa anawabana kwa maswali, anawapinga, ili ionekane huyu anafikiri mwenyewe hasemi tu yale ya kabila. Kuna watu walidai Afrika hekima ni ya wote kwa pamoja, haina mtu mmoja anayeweza kusema hii ni yangu, sasa wewe ukifuta jina la mzee si umewakubalia?

Kwa hiyo kwenye propozo andika wazi kwamba mhojiwa atachagua mwenyewe, na atachagua tena baada ya kusomewa ulichomnukuu. Hiyo mara ya pili usiiruke tafadhali. Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na kesi za ardhi nazo zinagombanisha familia, mazungumzo yakigusa huko ficha jina na kijiji hata kama yeye amesema weka.

Haya yote yaingie mapema maana Kenya kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, unakiomba ukiwa tayari na idhini ya kamati ya maadili, ukibadilisha fomu katikati ya kazi unarudi tena kwa kamati na miezi inaenda. Supavaiza akisita mpe mfano wa Oruka. Na maneno ya mzee, kama alisema kwa Kigiriama au Kiswahili, yaweke vilevile ndani ya sura yenyewe na tafsiri chini yake, usiyasukumie kwenye viambatisho.