Tarehe zimegeuka baada ya kuhamia Access mpya: usizigeuze zote kwa mkupuo

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu jambo hili lilishanikuta. Umesema kanzidata ya ofisi yenu ilikuwa ya Access 2003 (Access ni programu ya kanzidata ya Microsoft), mmehamia 2019 kwenye kompyuta mpya, na sasa malipo ya mwezi wa tatu mengine yanatokea kwenye ripoti ya mwezi wa tano, huku mengine yakiwa sawasawa. Mwenzako amekushauri uandike amri moja ya kubadilishana siku na mwezi kwenye jedwali zima. Nakuomba usiiandike. Ukigeuza zote utaharibu zile nzima, na baada ya hapo hutakuwa na njia ya kuzitenganisha na zilizokuwa mbovu.

Mimi natunza kanzidata ya SACCOS moja hapa Dar, upande wa Kariakoo. Mwishoni mwa mwezi wa pili 2019 tulibadilisha kompyuta za dirishani na programu kwa pamoja. Miezi minne ikapita kimya. Mwanzoni mwa mwezi wa saba, taarifa za nusu mwaka zilipotoka, akaja mama mmoja muuza vitenge, mwanachama wetu wa siku nyingi, ametozwa faini ya kuchelewesha rejesho kwa siku 54. Hakupandisha sauti. Alifungua mkoba, akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne, ndani mna stakabadhi zake zote zimepangwa kwa namba, akaiweka moja juu ya kaunta. Iliandikwa 05/03/2019 kwa mwandiko wa karani wetu, muhuri umekaa juu ya saini. Rejesho lilitakiwa tarehe 10, yeye alilipa siku tano kabla. Kwenye mashine palisomeka tarehe 3 mwezi wa tano.

"Mwanangu, mimi sijawahi kukaa na hela ya watu," aliniambia.

Faini yake tuliirudisha siku ileile. Kilichoninyima usingizi ni wale ambao stakabadhi zao zilishafuliwa ndani ya mifuko ya suruali, waliolipa faini wakanyamaza kwa kuamini kompyuta haikosei.

Sasa tuingie kwenye kazi. Fildi (safu ya jedwali) ya tarehe kwenye Access haihifadhi siku, mwezi na mwaka kama unavyoviona. Inahifadhi namba moja: idadi ya siku tangu tarehe 30 Desemba 1899, na desimali yake ndiyo saa. Tarehe 5 Machi 2019 ni 43529. Tarehe 3 Mei 2019 ni 43588. Kati yake kuna siku 59, na namba hiyo haijui habari za Uingereza (siku mbele) wala Marekani (mwezi mbele). Mkorogo hutokea mlangoni tu, pale maandishi yanapogeuzwa kuwa namba, au namba inapogeuzwa kuwa maandishi ya kusoma. Kwa hiyo kabla ya kutibu chochote, jua ni mlango upi umekorofisha. Kama ni wa kutokea, data yako ni nzima na ni macho yanayodanganywa. Kama ni wa kuingilia, namba yenyewe imeshaharibika.

Kujua ni rahisi. Andika kweri, yaani lile swali unaloiuliza kanzidata, inayoonyesha mwezi kwa jina:

SELECT namba, Format(tarehe, "dd mmmm yyyy") FROM malipo ORDER BY namba

Usitegemee muundo ule mfupi wa tarehe, kwa sababu huo hufuata mipangilio ya Windows ya mashine uliyokalia. Rekodi moja, haijaguswa, itasomeka 05/03 kwenye kompyuta hii na 03/05 kwenye ile ya jirani. Nimeona watu wakisahihisha kwa mkono tarehe ambazo hazikuwa na kosa lolote, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Mwezi ukiandikwa kwa jina hakuna wa kubabaika: ukilingana na stakabadhi, mkorofi ni mlango wa kutokea; usipolingana, ni wa kuingilia.

Kwetu ulikuwa mlango wa kuingilia. Kompyuta mpya zilikuja na mpangilio wa Kimarekani, mwezi mbele, siku nyuma, na hakuna aliyeuangalia, nami nikiwemo. Karani, kama sisi sote tunavyosema "tarehe tano mwezi wa tatu", anaandika 05/03. Mashine inasoma Mei 3, inapokea, hailalamiki. Kibaya zaidi ni kinachotokea siku ikizidi 12. Akiandika 25/03, mashine inaona hakuna mwezi wa 25, basi yenyewe inageuza na kuweka Machi 25, sawasawa kabisa. Ndiyo maana unaona nyingine ziko sawa. Kwa mwaka mzima, tarehe zenye siku 1 hadi 12 ni 144. Ukitoa zile 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama tarehe 4 mwezi wa nne, zinabaki 132 zinazoweza kugeuka. Hiyo ni zaidi kidogo ya theluthi ya mwaka. Theluthi ni ndogo kiasi cha mtu kudhani karani alikosea, na ni kubwa kiasi cha kuvuruga vitabu vyote.

Sasa nizigundueje? Stakabadhi zilinisaidia kuliko kitu kingine chochote. Vitabu vya stakabadhi vina namba zilizochapwa kiwandani, zinapanda moja moja, haziwezi kurudi nyuma. Nilipopanga malipo kwa namba ya stakabadhi badala ya tarehe, kosa lilijitokeza kama ngazi: Aprili 3, Mei 3, Juni 3, Julai 3, Agosti 3, halafu baada ya Jumamosi na Jumapili, Novemba 3, Desemba 3, kisha ghafla Machi 13, Machi 14, Machi 15. Zote za juu ni "tarehe tatu". Zile zilikuwa ni Machi 4 hadi 12, kila moja imepanda mwezi wake. Tulikuwa mwezi wa saba na tayari nina malipo ya Desemba. Hata kama ofisi yenu haina stakabadhi za vitabu, fildi ya namba inayojiongeza yenyewe hutumika kwa kazi hiyohiyo kama watu huingiza malipo kwa mfululizo.

Na hapa ndipo nakusihi kuhusu ile amri ya mkupuo. Sisi tulikuwa na madirisha mawili. Karani wa dirisha la kwanza alibadilisha mpangilio wa mashine yake siku ya kwanza, bila kumwambia mtu, kwa sababu saa ya pembeni ya skrini ilimkera. Malipo yake yote yalikuwa mazima. La pili ndilo lililogeuka. Siku moja, jedwali moja, nusu nzima na nusu mbovu. Tungegeuza zote, tungewatoza faini wale waliopona.

Dawa tuliyotumia ni hii. Kwanza nakala ya faili zima kwenye flashi, flashi ikawekwa kabatini ikafungwa. Pili, tukaongeza fildi mbili: tarehe_ya_awali, tukanakili humo tarehe zote kama zilivyo, na imesahihishwa, ya ndiyo au hapana. Kisha:

UPDATE malipo SET tarehe = DateSerial(Year(tarehe), Day(tarehe), Month(tarehe)), imesahihishwa = True WHERE dirisha = 2 AND Day(tarehe) <= 12 AND imesahihishwa = False

na mbele yake tukafunga mipaka ya namba za stakabadhi, kuanzia siku ya kompyuta mpya hadi siku tuliyorekebisha mpangilio. Ile fildi ya imesahihishwa si mapambo. Amri hii ukiiendesha mara mbili inarudisha ubovu, na mtu akikuita kwenye simu katikati ya kazi ni rahisi kusahau ulifika wapi. Kama fildi yako ina saa pia, ongeza + TimeValue(tarehe) mara baada ya mabano ya DateSerial, la sivyo DateSerial itafuta saa zote. Baada ya hapo tulichukua stakabadhi 50 kutoka kwenye vitabu, tukazilinganisha moja moja na skrini. Hapo ndipo nilipoamini.

Ukirekebisha mpangilio wa Windows usidhani umemaliza, maana sisi tulidhani hivyo. Wiki iliyofuata ripoti ya tarehe 1 hadi 12 Machi ikaleta malipo yote ya tangu Januari 3 hadi siku ile. Sababu ni kwamba ndani ya msimbo (amri zilizoandikwa nyuma ya fomu), fomu ilikuwa inaunganisha tarehe kati ya alama mbili za reli: "#" & txtKuanzia & "#". Tarehe iliyo kati ya alama za reli kwenye SQL (lugha ya kuandikia kweri) ya Access husomwa kwa utaratibu wa Kimarekani siku zote, hata ukiweka Windows mpangilio gani. Kwa hiyo #01/03/2019# ni Januari 3 na #12/03/2019# ni Desemba 3. Siku 12 zikawa miezi 11. Kila mahali penye msimbo wa namna hiyo, mwaka utangulie:

Format(txtKuanzia, "\#yyyy\-mm\-dd\#")

Mwaka ukitangulia hakuna tafsiri mbili. Hizo alama za mkwaju wa nyuma usiziache, zinalinda reli na vistari visibadilishwe.

Jingine linahusu saa, na hili ni letu sisi Waswahili. Zamani fomu yetu ilikuwa na nafasi ya kuandika muda wa malipo kwa mkono. Mtu akilipa saa mbili na nusu asubuhi, karani mmoja anaandika 8:30, mwingine anaandika 2:30 kama anavyoitamka. Kwa kompyuta, hiyo 2:30 ni saa nane na nusu usiku. Mkaguzi aliwahi kutuuliza nani alikuwa anapokea fedha usiku wa manane. Tukaona muda uandikwe na mashine yenyewe kwa Now(). Ikawa afadhali, ila ikaleta shida yake: Now() huweka desimali. Saa kumi na mbili asubuhi ni 0.25, saa sita mchana ni 0.5. Ukiomba malipo BETWEEN tarehe 1 na tarehe 31, Access inaielewa 31 kuwa ni saa sita usiku inapoanza siku hiyo, na malipo yote ya tarehe 31 yenye saa yanabaki nje. Siku ya mwisho wa mwezi ndiyo yenye foleni ndefu kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa inakatwa. Andika hivi:

tarehe >= #2019-03-01# AND tarehe < #2019-04-01#

Kama tatizo lenu ni kwamba fomu inagoma kabisa na hata Date(), ile amri ya kutoa tarehe ya leo, haitambuliki, hilo ni suala tofauti. Fomu nyingi za 2003 zilitumia kalenda ya zamani, mscal.ocx, ambayo iliondolewa kuanzia Access 2010. Faili likifunguka kwenye toleo jipya, rejea ile (kiungo cha kuita faili la nje) inabaki imening'inia, na rejea moja iliyovunjika inatosha kuangusha Date(), Format() na wenzake wasiohusika. Fungua dirisha la msimbo, nenda Tools, kisha References, ondoa tiki kwenye iliyoandikwa MISSING, halafu uifute kalenda ile kwenye fomu. Tangu 2007 fildi ya tarehe ina kalenda yake ndogo pembeni, inatosha. Na kama mna faili la zamani zaidi, la Access 97, toleo la 2013 na yaliyofuata hayalifungui; litafutie kwanza toleo la kati, 2003 au 2010, ulibadilishe humo.

Kuna watakaokushawishi, mkihamia 2021 au Microsoft 365, ubadilishe fildi zote kuwa Date/Time Extended. Kwa malipo ya kawaida haina faida. Aina hiyo ni ya wanaohitaji miaka kuanzia 1 au vipande vidogo mno vya sekunde, na faili lenye jedwali la namna hiyo halifunguki kwenye matoleo ya nyuma. VBA, lugha ya msimbo wa Access, nayo huisoma kama maandishi, ndiyo unarudi kulekule kwenye mlango wa maandishi.

Mwaka uandikwe kwa tarakimu nne, hilo lazimisheni kwenye fomu. Mzee wetu mmoja aliyezaliwa 1927 aliandikwa 27, akawa wa 2027, na mafao yake yakakataa kuhesabika.

Kesho asubuhi kabla ya dirisha kufunguliwa, fanya matatu tu: nakala ya faili, mpangilio wa tarehe kwenye kila mashine, na ile kweri ya kupanga kwa namba. Kisha kwenye kila mashine ingiza malipo ya majaribio ya 05/03, usome mwezi kwa jina, uyafute. Usirekebishe rekodi yoyote bado. Niwekee hapa zile namba ambapo tarehe zinaruka, na useme ni mashine ngapi zilikuwa zinaingiza malipo. Tutazipitia pamoja.