Kuomba Ushauri Bila Kumvua Mtu Nguo

Watu huniletea mambo yao, na kwa miaka yote ya kuwasikiliza nimegundua kwamba swali lenyewe huchukua dakika moja, ila mashtaka dhidi ya mtu asiyekuwepo huchukua jioni nzima.

Rafiki yangu mmoja alikuja kuniuliza kama amdhamini mumewe kwenye mkopo wa pili ilhali wa kwanza haujalipwa. Swali la maana, na ilibidi nijue habari za deni. Lakini kabla hatujafika huko nilikuwa nimeshasikia jinsi bwana huyo alivyofukuzwa kazi zamani, jinsi ndugu zake wanavyomdharau, na mengine ya chumbani ambayo siyarudii. Ushauri nilioutoa ulitokana na deni tu. Wao wakapatana, mkopo ukaachwa. Mimi nikabaki nayo: kila yule bwana anaponisalimia kwa heshima zake, najua mambo ambayo hakuniruhusu kuyajua.

Mwenye ugomvi husamehe kwa sababu anapenda. Msikilizaji hana mapenzi hayo, hivyo picha uliyomchorea siku ya hasira ndiyo anayobaki nayo.

Kwa hiyo nina swali moja la kumwuliza anayekuja kwangu, na hata mimi najiuliza ninapokwenda kwa wengine: hili nikiliacha, jibu litabadilika? Kama halibadiliki, liache. Ulevi wa mume unahusika ukiuliza kama umwachie watoto peke yao naye. Ukiuliza namna ya kugawana matumizi ya nyumba, unahusika tu kama pesa inaishia huko.

Waislamu wanalijua tukio la Hind binti Utba, aliyemwendea Mtume kumweleza kwamba mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi kinachomtosha yeye na wanawe. Akaambiwa achukue kinachowatosha kwa wema. Hakukemewa kwamba anasengenya. Imam Nawawi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1277, alihesabu kuomba fatwa, yaani kuuliza hukumu ya dini, kuwa miongoni mwa mambo yanayoruhusu kutaja aibu ya mtu, ingawa aliona ni salama zaidi kusema "mtu fulani" bila jina. Mimi navutiwa zaidi na ufupi wa Hind. Abu Sufyan alikuwa mtu wa mambo mengi, na mkewe bila shaka angeweza kukesha akisimulia. Alitaja ubahili, basi.

Kuficha jina nako kuna mipaka yake. Ukiniambia "kuna dada mmoja ana mume hivi na hivi" na mimi nilikula harusi yenu, tunadanganyana. Ni afadhali utafute mtu asiyemfahamu mhusika kabisa, wala hatakutana naye msibani wiki ijayo. Wazazi wako, kwa mfano, ni washauri wabaya wa ndoa yako kwa sababu hiyohiyo: watamchukia mwenzako hata baada ya wewe kumrudia.

Na utaje upande wako. Mtu akinieleza ugomvi wa wiki nzima ambao yeye hakusema hata neno moja baya, huwa namwuliza, "Na wewe ulimjibu nini?" Mara nyingi jibu la swali lake limelala hapo.

Haya yote hayamhusu anayepigwa, wala mtoto anayeguswa vibaya. Hapo sema lote, taja jina, na umwambie mwenye uwezo wa kuchukua hatua. Nimeona familia zikimnyamazisha mtu kwa kisingizio cha kusitiriana, na anayesitirika huwa ni mpigaji.

Jambo la mwisho, ambalo karibu wote hulisahau: mambo yakishatengemaa, mrudie uliyemwendea umweleze. Mwambie deni limelipwa, au kwamba ulikuwa umeelewa vibaya. Ulimfikishia aibu ya mtu ukiwa na haraka, basi mfikishie na habari njema zake, maana mwenyewe hajui kwamba kuna mahali anahitaji kujitetea.