Kujua rumeni inatengeneza protini kiasi gani bila kumtoboa ng'ombe

Mkuu wa Usa River, umeuliza kama kuna namna ya kujua vijidudu vya rumeni, yaani tumbo kubwa la kwanza la ng'ombe, vinazalisha protini kiasi gani, bila kumtoboa ng'ombe ubavu na kumwekea mfuniko kama wanavyofanya kwenye vituo vya utafiti. Ipo, na nimeifanya kwa ng'ombe wa ndani huku Machame na Kibosho. Unapima mkojo.

Bakteria wa rumeni wana purini nyingi, yaani kemikali zinazojenga DNA na RNA zao. Wakishuka utumbo mwembamba wanameng'enywa, purini zinafyonzwa, mwili unazigeuza kuwa alantoini na asidi ya yuriki, na sehemu kubwa inatoka kwa mkojo. Purini za majani yenyewe huvunjwa karibu zote humo humo rumenini, kwa hiyo unazozikuta kwenye mkojo zinakueleza habari za bakteria, ukishatoa kiasi kinachotokana na mwili wa ng'ombe mwenyewe.

Hesabu inayotumika sana ni ya Chen na Gomes wa taasisi ya Rowett, Aberdeen, Uskoti, ya mwaka 1992. Chukua ng'ombe wa kilo 400 anayetoa kwenye mkojo milimoli 150 (kipimo cha wingi wa kemikali) kwa siku, alantoini na asidi ya yuriki kwa pamoja. Uzito ukiupandisha kwa kipeo cha 0.75 unapata 89.4, zidisha kwa 0.385, ni 34.4, hicho ndicho kiasi cha mwili wake. Kitoe kwenye 150, gawanya kwa 0.85, unapata 136 zilizofyonzwa. Zidisha kwa 0.727: gramu 99 za naitrojeni ya bakteria. Mara 6.25, ni kama gramu 620 za protini kwa siku. Ila hiyo 0.385 ilipatikana kwa ng'ombe wa Ulaya. Zebu wetu hutoa pungufu ya hapo, kwa hiyo ukiitumia kwao itakupunja, utapata protini ya bakteria ndogo kuliko iliyopo.

Kazi yenyewe iko kwenye kukinga. Kukusanya mkojo wa saa 24 kwenye banda la mkulima ni mateso, kwa hiyo tunachukua sampuli za vipindi, asubuhi na jioni, na kupima kreatinini pia, taka inayotoka kwenye misuli; kwa kuwa ng'ombe huitoa kwa kiwango kisichobadilika sana, inatusaidia kukadiria mkojo wa siku nzima. Msugue taratibu chini ya uke, atakojoa. Acha mkondo wa kwanza upite ndipo ukinge. Hapo hapo tia asidi ya salfa kidogo kidogo, umevaa glovu, mpaka pH ishuke chini ya 3, la sivyo bakteria wa bandani watakula alantoini njiani. Kisha zimua kwa maji. Usipozimua, mkojo ukipoa asidi ya yuriki inajikusanya chini ya kichupa kama chenga nyeupe, na maabara watakupa namba ya uongo.

Huna maabara? Kisia kwa chakula: kanuni ya NRC, baraza la utafiti la Marekani, ya mwaka 2001 ilikuwa gramu 130 za protini ya bakteria kwa kila kilo ya TDN, yaani jumla ya virutubisho vinavyomeng'enywa kwenye chakula, mradi naitrojeni inayovunjika rumenini inatosha. Ni makadirio tu, lakini kwa mfugaji wa ng'ombe wawili watatu mimi naona yanatosha. Mkojo uutumie kulinganisha milo miwili kwa ng'ombe wale wale; hapo ndipo ninapouamini, kuliko gramu zenyewe.

Na hili nalisisitiza kwa sababu umesema unaongeza mashudu ya alizeti kila maziwa yakipungua. Kiangazi, ng'ombe akiwa anakula migomba na mabua makavu, bakteria mara nyingi hukwama kwa kukosa nguvu pia. Mashudu yanavunjika, amonia inajaa, wao hawana wanga wa kuwawezesha kuitumia, inaishia kuwa urea kwenye mkojo na maziwa. Hela yako inamwagika kwenye mfereji wa banda. Pumba za mahindi na molasi kidogo pamoja na hayo mashudu zinakulipa zaidi. Na urea ya maziwa inaonyesha huo upotevu tu, haikwambii bakteria wametengeneza kiasi gani.

Weka hapa uzito wa ng'ombe wako kwa utepe wa kifuani, na kilo za kila unachompa kwa siku, nikupigie hiyo hesabu ya TDN.